Otoklevu, presi ya moto, au tanuri na mfuko wa vakyumu: ipi kwa kipande gani?

Mafundi wawili wanaweza kuivisha prepregi ile ile kwa 120°C, saa moja, mmoja akatoa bamba gumu lisilo na povu na mwenzake akatoa kitu chenye vitundu kama mkate wa kumimina. Joto lilikuwa lile lile. Kilichowatenga ni presha: ilitoka wapi, ilisukuma upande gani, na ilifika kabla resini haijaganda au baada.

Prepregi, kwa asiyeizoea, ni kitambaa cha karboni au cha kioo kilichonyweshwa resini kiwandani kikabaki kibichi. Hupangwa tabaka juu ya tabaka kwenye kalibu, kisha huivishwa. Ulinganisho huu ni wa njia tatu za kuivisha. Presha imeandikwa kwa bar; bar 1 ni karibu sawa na msukumo wa hewa ya kawaida pwani. Faiba ya boti inayopakwa kwa brashi na kuachwa ikauke yenyewe haimo hapa, maana ile haihitaji moto wala presha.

| | Otoklevu | Presi ya moto | Tanuri na mfuko |
|---|---|---|---|
| Presha | bar 6–7 | bar 5–20 kwa prepregi, 50–100 kwa SMC (karatasi ya poliesta na nyuzi za kioo) | bar 1 pwani, 0.82 Nairobi |
| Inasukuma | pande zote sawa | juu kwenda chini tu | pande zote sawa |
| Mzunguko mmoja | saa 4–8 | dakika 2 hadi saa 2 | saa 10–24 |
| Kalibu | upande mmoja | pande mbili, zilingane | upande mmoja, hata ya bei nafuu |
| Inapofaa | maumbo magumu, idadi ndogo | bapa au kina kifupi, idadi kubwa | vipande vikubwa, mtaji mdogo |

Jedwali hilo linadanganya mahali pamoja: linafanya presi ionekane ni ya viwanda vikubwa tu. Tutalirudia hilo.

Otoklevu: gesi haina upendeleo

Wauguzi wanaijua ndugu yake ndogo ya kutakasia vifaa vya upasuaji. Hii haitumii mvuke. Ni pipa la chuma lenye feni na hita ndani, likijazwa gesi kavu. Mzunguko wa kawaida wa vipande vya ndege ni 177°C kwa saa mbili chini ya bar 6 hadi 7. Maganda ya mwili wa Boeing 787, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 2009, huivishwa hivyo.

Mlango wenye kipenyo cha mita 2, kukiwa na bar 7 ndani, unasukumwa kwa nguvu ya takriban tani 224. Hapo ndipo pesa zinapoishia: kwenye pipa, kwenye mlango na kwenye ukaguzi wake. Gesi huwa naitrojeni, kwa sababu hewa ya kawaida ikishindiliwa kiasi hicho huwa na oksijeni mara nane ya ile ya nje, na ndani mna plastiki, vitambaa na resini vilivyopashwa moto. Lakini naitrojeni nayo huua kimya kimya. Hakuna anayeingia kuchukua kipande kabla kipimo hakijaonyesha oksijeni ya angalau asilimia 19.5.

Kazi yenyewe huanza siku moja kabla. Roli ya prepregi hutoka kwenye friza ya -18°C ikiwa imefungwa mfuko wake, na mfuko haufunguliwi mpaka umande wa nje uishe wenyewe. Anayefungua mapema anapandikiza maji kwenye resini kwa mkono wake. Baada ya kukata, tabaka hupangwa, na kila baada ya tabaka nne hivi rundo hufunikwa na kuvutwa vakyumu dakika 10 hadi 15 ili hewa itoke. Hesabu karatasi na filamu za mgongoni unazobandua. Tabaka 20 maana yake ni filamu 20 mezani; zikiwa 19, ile moja imo ndani ya kipande, na huko itakuwa ufa uliokwisha kuandaliwa.

Juu ya rundo huja kitambaa cha kubandua, filamu yenye vitundu, kitambaa kinene cha kupitishia hewa, halafu mfuko wenyewe uliobanwa kwa utepe wa gundi. Mfuko uwe na marinda, na usiyabanie: kwenye kila kona ya ndani weka rinda lenye plastiki ya ziada. Bila hilo plastiki hukaa kama daraja juu ya kona. Kwa vakyumu peke yake daraja hilo halionekani kuwa kosa. Bar 7 zikija, ama linapasuka, ama linabaki juu na kona inajaa resini tupu isiyo na nyuzi. Mfuko ukipasuka, presha ya ndani na ya nje huwa sawa, na kipande kinaivia humo bila kushindiliwa na chochote.

Kabla ya kufunga mlango, funga vali ya pampu usubiri dakika 5. Sindano ya geji ikirudi zaidi ya milibar 30, tafuta panapovuja kabla ya kuwasha chochote. Ukishaanza, joto lipande 1 hadi 2°C kwa dakika, presha iingie, na ikifika bar 1.5 hivi vakyumu ya mfukoni iachiliwe kwa hewa ya nje. Wageni wengi hushangaa hapa. Sababu ni kwamba presha ya gesi imeshachukua kazi, na kuendelea kuvuta kunavisaidia vipovu kukua badala ya kuvibana.

Muda wa kuiva huhesabiwa kutoka themokapo (waya wa kupimia joto la kipande) iliyo baridi kuliko zote, siyo kutoka kwenye skrini ya hewa ya otoklevu. Kalibu nene huchelewa kupata moto. Kwa hesabu tupu, kupanda kutoka 25 hadi 177°C kwa 2°C kwa dakika ni dakika 76, kukaa ni 120, kushuka hadi 60°C ni karibu 60: saa nne na robo, kabla ya kuongeza uchelewaji wa kalibu. Ukitoa presha kabla kipande hakijashuka chini ya 60°C, kinaweza kupinda.

Kalibu ina neno lake hapa. Mita moja ya alumini iliyopashwa hadi 177°C hurefuka milimita 3.6. Feleji, karibu 1.9. Inva, aloi ya chuma na nikeli, robo milimita tu, na karboni iliyoiva nayo hurefuka kidogo sana. Kwa hiyo kipande kirefu kilichoivia juu ya alumini kinaganda kikiwa kwenye kalibu iliyovimba, halafu kalibu inanywea na kukibana. Kwa vipande vifupi alumini inatosha. Kona ni jambo jingine: ya 90° kwa kawaida hutoka ikiwa 89° au 88°, kalibu iwe ya nini, kwa sababu unene hunywea kuliko urefu. Anayechonga kalibu huongeza digrii hiyo mapema.

Presi: chuma husukuma upande mmoja

Mabamba mawili yenye moto, haidroliki inayashindilia. Hakuna mfuko, utepe wala vitambaa vya kutupa. Joto linaingia moja kwa moja kutoka kwenye chuma, siyo kupitia hewa, ndiyo maana presi huwa na kasi.

Udhaifu wake uko kwenye ukuta. Chukua umbo la sufuria lenye sakafu bapa na ukuta uliosimama, ulioinamishwa 3° tu ili kipande kitoke. Presi ikishuka milimita 1, sakafu inabanwa milimita 1 nzima. Ukuta unabanwa milimita 0.05. Hiyo ndiyo sini ya 3°, na hakuna haidroliki itakayoibadilisha. Kwa hiyo unene wa ukuta hauamuliwi na presha, unaamuliwa na mwanya uliochongwa kwenye kalibu. Ukiweka tabaka zinene kidogo ukutani, ukuta unakwama na kuizuia presi kabla sakafu haijabanwa. Ukiweka nyembamba, ukuta unaivia bila presha na unatoka na vipovu. Ukuta unaoinama 30° au zaidi husamehe mengi. Uliosimama wima mpe otoklevu au mfuko, au weka kiini cha mpira wa silikoni ambacho kikipata moto huvimba na kusukuma pembeni.

Kosa la pili ni saa. Resini ya epoksi ikipata moto kwanza huwa nyepesi, halafu huanza kuganda. Presha kamili ikiingia wakati wa wepesi, resini hukimbilia pembeni na kuburuta nyuzi, na unabaki na kitambaa kikavu katikati. Ikiingia resini ikishaganda, imechelewa. Njia salama kwa prepregi ni kugusa kwa presha ndogo, kupandisha joto 2 hadi 3°C kwa dakika, kisha kuongeza presha kwa hatua mbili au tatu resini inapoanza kuwa nzito. Jaribu na kipande chakavu pembeni: ichome kwa kijiti, ukivuta ikatoa uzi kama asali, wakati umefika.

SMC, ile karatasi nene ya poliesta na vipande vya nyuzi za kioo vya milimita 25 hivi, inafuata sheria nyingine kabisa. Hapa resini na nyuzi hutembea pamoja kuijaza kalibu. Mzigo hupimwa kwa gramu, hufunika karibu nusu ya eneo la kalibu, joto ni 140 hadi 150°C, presha bar 50 hadi 100, na kipande cha milimita 3 hutoka baada ya dakika mbili au tatu. Magari ya Chevrolet Corvette yamekuwa na mwili wa faiba tangu 1953, na baadaye SMC ikawa ndiyo nyenzo ya mwili huo. Angalia pale mikondo miwili ya mtiririko inapokutana, mathalani nyuma ya tundu: nyuzi hazivuki mstari huo, na kipande huvunjikia hapo hapo. Sogeza mzigo ili mstari uangukie pasipo na bolti. Maboksi au roli za SMC zikiachwa wazi, staireni, kimiminika kilichomo kwenye resini yake, hupaa na karatasi haitembei tena.

Themoplastiki zenye nyuzi ndizo zinazoipa presi ushindi wa wazi. Hazihitaji friza, haziivi. Zinayeyuka tu na kuganda. Karatasi ya PPS, mojawapo ya plastiki hizo, inayoyeyuka 280°C, hupashwa kwa taa za infraredi hadi juu kidogo ya 300°C, huhamishwa kwenye kalibu ndani ya sekunde chache, na hupigwa mara moja. PEEK, nyingine ya jamii hiyo, inayeyuka 343°C na hupashwa karibu na 400°C. Ukichelewa kuhamisha, uso unaganda na kipande kinatoka na mikunjo. Vibanio vidogo vinavyounganisha ngozi na mbavu ndani ya Airbus A350 hutengenezwa hivi. Ni maelfu kwa kila ndege, na hakuna otoklevu ya kuvisubiri saa nne kimoja kimoja.

Tanuri na mfuko: unatumia uzito wa anga ulionao

Hapa mfuko ni ule ule wa otoklevu, ila kinachousukuma ni hewa tunayovuta pumzi. Ndipo mahali ulipo panapoanza kuwa na maana.

Dar es Salaam au Mombasa, hewa inasukuma kwa karibu bar 1.01. Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ni takriban 0.82. Pampu nzuri kuliko zote, mfuko usiovuja hata kidogo, geji itasimama -0.82 na haitasogea. Wengi hushinda mchana kutwa wakitafuta tundu lisilokuwepo. Nunua geji inayopima presha halisi iliyobaki mfukoni, inayosoma sifuri pakiwa patupu kabisa. Ikisoma milibar 10, pampu yako imefanya kazi yake, uwe Nairobi au Kigali.

Upungufu huo si wa geji tu. Maji yaliyojificha kwenye resini hutaka kuwa mvuke, na presha ya mvuke huo hupanda haraka: kwenye 90°C mvuke kamili ni bar 0.70, kwenye 100°C ni 1.01, kwenye 120°C ni karibu 2. Prepregi iliyokaa wazi mpaka ikalingana na hewa ya unyevu wa asilimia 50 inasukuma kwa nusu ya namba hizo. Kwenye 120°C ni bar 1: sawasawa na anga la pwani, zaidi ya anga la Nairobi. Mvuke unashinda, kipovu kinakua. Na huko pwani, ambako kuna anga zuri, unyevu wa asilimia 75 ni jambo la kila siku, na hapo mvuke unafika bar 1.5. Kila upande una taabu yake. Tena hesabu hii ni ya huruma, kwa sababu nyuzi zenyewe hubeba sehemu ya presha ya mfuko na resini hupata pungufu ya hapo. Otoklevu yenye bar 7 haijali mambo haya, ndiyo maana wanaohama kutoka otoklevu kuja tanurini hushtuka.

Dawa ziko tatu na zote ni za uvumilivu. Chumba cha kupangia kiwe na kiyoyozi, unyevu chini ya asilimia 50. Kabla ya moto, mfuko ukae kwenye vakyumu saa 4 hadi 16 kwa joto la chumba, hewa na maji yatoke. Na resini igande ikiwa bado kwenye 80 au 90°C, ambapo mvuke hauna nguvu, kisha kipande kigumu kipandishwe polepole hadi 120 au 177°C bila hata mfuko.

Prepregi yenyewe nayo iwe ile iliyotengenezwa kwa tanuri. Hii resini yake haijaingia hadi katikati ya uzi. Sehemu kavu iliyobaki ndiyo mfereji wa hewa kutokea pembeni. Kosa linalorudiwa sana ni kuziba kingo za rundo kwa utepe wa gundi kama ilivyozoeleka kwenye otoklevu. Mfereji unazibwa, hewa inabaki. Zungushia kingo kamba ya nyuzi za kioo inayofika hadi kwenye kitambaa cha hewa. Ukifuata hayo, vipovu hubaki chini ya asilimia 1, kiwango kile kile cha otoklevu.

Faida kubwa ni ukubwa. Mapanga ya mitambo ya upepo yanatosha kuwa ushahidi: mitambo 365 ya V52 iliyoko Ziwa Turkana ina rota zenye kipenyo cha mita 52, na panga la namna hiyo huivishwa chini ya vakyumu na moto tu. Tanuri linajengeka kwa mabati, sufi ya kuhami joto, hita na feni. Feni isisahaulike: bila mzunguko wa hewa, juu ya tanuri na chini vinapishana kwa digrii nyingi, na kipande kirefu kinaiva kichwa kabla ya miguu.

Bamba moja, njia tatu

Tuseme unataka bamba la karboni la milimita 600 kwa 400, unene 3, la kukatia mikono ya droni. Prepregi ya milimita 0.25, tabaka 12, mpangilio wake ukiwa kama kioo: la kwanza lifanane na la mwisho, la pili na la kumi na moja. Usipofanya hivyo bamba litajikunja kama papadi likipoa, njia yoyote utakayotumia.

Eneo ni mita za mraba 0.24. Mfuko wa vakyumu unalibana kwa tani 2 ukiwa Nairobi, tani 2.5 ukiwa Dar. Bar 7 ni tani 17 hivi. Sasa tazama: tani 17 ziko kwenye presi ya karakana ya tani 20, ile ya kung'olea beringi. Ikiongezewa mabamba mawili ya moto yaliyonyooka, inatoa bamba bapa lenye nyuso mbili laini ndani ya saa mbili, hata ukitaka moja tu. Kwa kitu bapa presi ndiyo njia ya bei ndogo kuliko zote tatu, na sioni sababu ya kulipia saa za otoklevu kwa bamba. SMC ya eneo hilo hilo kwa bar 80 ingetaka tani 196, na hapo karakana haifiki.

Mambo mawili huharibu bamba la presi. Kwanza, mabamba yasiyo sambamba: weka vipande vinne vya waya laini wa lehemu kwenye pembe, bana bila moto, pima kwa maikromita, tofauti ikizidi milimita 0.1, rekebisha. Pili, vizuio vya unene. Fundi huweka vyuma vya milimita 3.0 pembeni ili presi isipitilize. Tabaka zikishuka hadi 2.9, geji inaonyesha tani 17 vizuri kabisa, lakini tani zote zimekaliwa na vile vyuma na karboni haipati kitu. Weka vizuio vyembamba kwa milimita 0.1 au 0.2 kuliko unene unaoutaka, na zungushia rundo ukingo wa gamba la koki ili resini isikimbie.

Tanuri lingetoa bamba hilo hilo kesho yake asubuhi, uso mmoja ukiwa laini na mwingine wenye alama za kitambaa. Otoklevu ingelitoa jioni, na ingekuwa na maana tu kama linapanda pamoja na vipande vingine kumi, maana gharama ya naitrojeni na umeme ni ile ile pipa likiwa tupu nusu.

Ikiwa kipande ni pua ya droni, yenye mikunjo kila upande, presi inaondoka mezani mara moja mpaka oda ifike maelfu na kalibu mbili za feleji zijilipe. Kati ya mbili zilizobaki, mimi huanza na tanuri. Otoklevu huitwa pale mteja anapodai prepregi iliyopitishwa kwa otoklevu tu, au kipande kinapokuwa na sega la asali ndani (kiini chepesi chenye vijumba vitupu kama vya nyuki) na kona za ghafla zisizobanika kwa bar moja. Na sega la asali likiwemo, punguza presha hadi bar 3 hivi, maana bar 7 kutoka pembeni huliponda kama boksi la mayai.

Kabla ya kuamua, panga sampuli moja ya milimita 100 kwa 100 kwenye kila njia unayoweza kuifikia. Ikate katikati, ing'arishe kwa msasa wa maji hadi namba 2000, uitazame kwa lenzi ya mara 50. Vipovu vya mviringo ni maji au gesi ya resini: chumba kina unyevu au joto lilipanda haraka. Vile virefu vilivyolala kati ya tabaka ni hewa iliyofungiwa wakati wa kupanga, na huo si ugonjwa wa tanuri wala wa presi.